Kulia kwa Baharini

“Kushoto,” alisema Mkunga, na mumewe akapinda kulia, akalikwepa dimbwi bila kulowesha hata ncha ya kiatu.

Fundi viatu wa pale kona, ambaye kila asubuhi aliwatazama kama mtu aliyepata sinema ya bure, akatikisa kichwa. “Mama, ukimwambia kushoto anakwenda kulia, ukimwambia kulia anakwenda kushoto. Huyu mzee ni kipofu au ni mkaidi?”

“Vyote viwili,” mzee alijibu mwenyewe, akiigeuzia sauti uso. “Ila upofu umekuja mwaka jana. Ukaidi nilizaliwa nao.”

Mkunga alikuwa nyuma yake hatua mbili. Ndivyo alivyotaka mzee. Kushikwa mkono alikataa tangu siku ya kwanza. “Mimi si mbuzi wa mnadani,” alisema, na suala likaisha. Basi alitangulia na fimbo yake, mkewe akafuata na ulimi wake. Pakihitajika kusimama, Mkunga alimshika kola ya shati.

Mtu asiyewajua angedhani wamechanganyikiwa. Kumbe waliongea lugha ya chombo. Chombo kidogo cha tanga hakina usukani wa duara kama gari. Kina kana, mti mmoja unaotoka kwenye usukani kule nyuma na kuishia mkononi mwa nahodha, na kana ina ukinyume wake: ukiisukuma kulia, chombo kinakwenda kushoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Mkunga alikaa mbele kuangalia njia, akapiga kelele “Kulia!” akitaka chombo kiende kulia. Mumewe akasukuma kana kulia, wakaigonga nguzo ya gati mbele ya umati uliokaa pale kupunga upepo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Jioni ile, akimtoa mkewe vibanzi vya mbao kiganjani, mume alisema: “Kuanzia leo usiniambie chombo kiende wapi. Niambie mkono wangu uende wapi. Neno lako lishuke moja kwa moja mkononi, lisipitie kichwani. Kichwani kuna foleni.”

Miaka thelathini na minane halikupitia kichwani. Na macho yalipozimika, la kushoto kwanza kisha la kulia, hawakuona sababu ya kutafuta lugha mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeshawafikisha mbali.

*

Chombo chenyewe kiliitwa Dada Mkubwa. Jina hilo lilitolewa na binti yao, mtoto wa pekee, alipokuwa na miaka saba, na kilicholileta ni wivu. “Kila kizuri anapewa yeye kwanza,” alisema, akionyesha rangi mpya ubavuni mwa chombo huku yeye amevaa viatu vilivyopasuka. Wazazi walicheka. Jina likabaki. Binti hakucheka, na hakuwahi kupenda maji. Alipokua akachagua kuendesha gari, akawa dereva wa basi dogo la shule, na mtaani wakamwita Dereva.

“Usukani wa gari una adabu,” alipenda kumwambia baba yake. “Ukikata kulia unakwenda kulia. Hauna maneno mengi.”

“Ndiyo maana hauna utamu,” baba alimjibu.

Mzee huyo alikuwa karani wa mahakama kwa miaka tisa, mpaka alipochoka kunakili kwa mwandiko mzuri amri za watu kutolewa majumbani mwao. Akajifunza kutengeneza friji. Vidole vilipoanza kuvimba akawa msoma mita za maji, akitembea nyumba hadi nyumba, na wengi wakamjua kwa jina la Bwana Mita. Mkewe alizalisha watoto wa watu miaka ishirini na sita, mgongo ukamkatalia, akahamia kwenye cherehani, akishona sare za shule. Jina la Mkunga halikuhama naye. Habari za kuacha kazi hazikuwahi kutolewa nyumbani. Zilitolewa majini, ambako hakuna mlango wa kubamiza. Mmoja angesema, “Nimeandika barua,” na mwingine angetazama tanga kwa muda, kisha angeuliza, “Sasa tutakuwa nani?”

Kila kazi iliyoachwa iliacha kitu ndani ya Dada Mkubwa. Friji zilitoa bomba la shaba lililofunga shina la mlingoti. Wodi ya wazazi ilitoa lile fundo dogo la kufungia kitovu, ambalo Mkunga alilitumia kufunga ncha za kamba zisifumuke. Cherehani ilitoa viraka. Tanga lile lilikuwa na viraka vya buluu, vya kaki na vya rangi ya damu ya mzee, na ukilitazama lilivyojaa upepo ungedhani shule tatu zimepangwa mstarini.

Kazi ya mita ndiyo iliyomfichua. Nane alianza kuiona tatu, sita akaiona sifuri. Alinyamaza, akawa anakisia, na kwa miezi mitano mtaa mzima ulilipia maji ya kukisia. Siku moja mama mmoja alimfuata mpaka mlangoni na karatasi yake. “Mimi naishi na paka, Bwana Mita. Paka hata haogi. Haya maji yote nimeoga na nani?” Watu wakacheka. Mzee naye akacheka. Usiku wake alimwambia mkewe kwamba ameacha kuona uso wake tangu mwezi wa pili.

*

Waliambiwa iko fomu ya mafao ya mtu aliyepoteza macho kazini, na fomu inataka muhuri, na muhuri unataka mwenyewe afike. Wakafika. Kijana wa dirishani hakuinua kichwa.

“Mzee, soma hapa mstari wa chini.”

“Nisome wapi, mwanangu?”

“Hapo kwenye karatasi.”

“Karatasi ipi?”

Kijana akakohoa. “Basi andika hapa kwa mkono wako kwamba huoni, halafu weka sahihi juu ya nukta.”

“Nukta ziko wapi?”

Nyuma yao foleni ikaanza kuguna. Mkunga akataka kumshika mumewe kidole akiweke mahali pake, kijana akamzuia. “Asisaidiwe, mama. Tutajuaje kama haoni, akisaidiwa?”

Mzee akageuka kidogo, akasema kwa sauti yake ya mahakamani, ile ya kusoma mashtaka: “Kumbukumbu zionyeshe kwamba mwombaji ameambiwa asome ili athibitishe hawezi kusoma.” Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Kijana hakucheka. Akawaambia daktari wa bodi huja Alhamisi, warudi Alhamisi.

Siku ya Jumatano binti alipita nyumbani baada ya kurudisha watoto. Alimkuta baba yake akitoka uani, mama akiita “Kulia, kulia kidogo,” na mzee akielekea kushoto mpaka kwenye kiti chake.

“Mama, mtaacha lini mchezo huu? Mfundishe baba kutembea kama watu.”

“Anatembea,” alisema Mkunga, uzi mdomoni.

“Anatembea na wewe. Siku usipokuwepo je?”

“Nitakuwa wapi? Nina safari gani mimi?”

“Na akitakiwa kusimama mnamwambiaje kwa hiyo lugha yenu?”

Mzee akaingilia, uso umejaa raha. “Chombo hakisimami, mwanangu. Chombo kina mambo mawili: kwenda na kuzama. Neno la kusimama hatukulitengeneza.”

Mkunga alicheka mpaka uzi ukamtoka mdomoni. Kicheko hicho alikuja kukikumbuka, siku na saa yake.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Shule ilikuwa inataka sare zake Jumatatu, na mashati kumi na mawili yalikuwa bado hayana mikono. Binti akasema atampeleka baba kwa basi lake kati ya saa tatu na saa sita, wakati watoto wako darasani. Mkunga aliwasindikiza hadi kizingitini na sindano mkononi. Alitaka kusema kitu. Wakati ule hakujua ni kitu gani, na gari likaondoka.

*

Ilikuwa yapata saa tano na nusu. Fundi viatu alikuja mbio, kiatu cha mtu bado kimevaa ngumi yake ya kushoto.

“Mama, njoo. Mzee ameanguka.”

“Wapi?”

“Mtaroni. Ule walioufukua leo asubuhi, gari lilipokwisha kuondoka, wa kulaza mabomba. Njoo tu.”

Cherehani iliendelea kuzunguka peke yake kidogo, kisha ikatulia. Njiani fundi viatu alizungumza bila kuulizwa, maana kunyamaza kulimshinda. Gari halikuweza kuingia mtaani kwa sababu ya ule mtaro, akasema, kwa hiyo Dereva aliegesha pale kona. Mzee akashuka. Binti akataka kumshika mkono, mzee akasema yeye si mbuzi. Akaanza kutembea na fimbo yake, binti akabaki kufunga milango. Aliponyanyua macho, mzee alikuwa ameshafika ukingoni, mtaro uko kushoto kwake, ukuta wa duka kulia.

“Akapiga kelele, ‘Kulia, baba! Kulia!’ Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Na mzee…” Fundi viatu akasita. Akaangalia kile kiatu mkononi. “Mzee alisikia, mama. Aligeuka palepale. Akaruka kushoto kama aliyesukumwa.”

Mkunga akaongeza hatua. Fundi viatu hakumtazama tena. Kila asubuhi kwa mwaka mzima alikuwa amewasikia, na sasa watu wawili walikuwa wakijua jambo moja.

Walimkuta mzee amelala juu ya mabomba mapya ya chuma, mguu mmoja umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Binti alikuwa amepiga magoti kwenye udongo ukingoni, akirudia kumwambia kila aliyefika: “Nilimwambia kulia. Nilimwambia kulia. Kwani hakunisikia?”

Na kutoka chini mtaroni, kwa sauti ndogo, mzee akaita: “Serahangi?”

Ndilo jina alilompa mkewe majini. Serahangi ni msaidizi wa nahodha.

“Nipo, Nahodha.”

“Tumegonga nguzo,” akasema.

*

Ilikuwa nyonga ya kushoto, na mbavu. Wodi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lilelile ambalo Mkunga aliliwekea jasho miaka ishirini na sita, lakini mlinzi wa mlangoni alikuwa mgeni. “Saa za kuona wagonjwa bado, bibi.” Akakaa kwenye benchi ambalo zamani alikuwa akiwakalisha baba za watoto wasisumbue. Alipoingia, mzee alikuwa macho.

“Yuko wapi?” aliuliza kwanza.

“Amekwenda kurudisha watoto. Atakuja.”

“Alisema sawasawa.”

“Najua.”

“Mkono ulisikia kabla yangu.” Akapumua kwa vipande, kwa ajili ya mbavu. “Mguu, siku hizi ndio mkono. Nilisikia neno, nikaona nimeshageuka. Mwambie sikusikia.”

“Atajua.”

“Atajuaje? Hajawahi kukaa ndani ya chombo. Mwambie kwamba sikusikia. Akijua nilisikia, akajua na sababu, atasema Dada Mkubwa ndiye aliyeniua. Na wewe utakuwa umemshikia kisu.”

“Nani amesema unakufa?”

“Nimesema kwa mfano,” mzee akasema. “Niahidi.”

Akaahidi. Binti alipokuja, bado amevaa koti lake la kazi lenye udongo magotini, baba yake alinyoosha mkono hewani mpaka akaushika wake.

“Sikusikia, mwanangu. Gari lilikuwa linanguruma.”

Binti akasema polepole, “Gari nilikuwa nimelizima, baba.”

“Basi ni lingine.”

“Hakukuwa na lingine.”

“Masikio nayo yamezeeka,” akasema mzee, na akajaribu kucheka, na mbavu zikamkataza. Mkunga aliutazama uso wa binti yake. Aliona swali likiingia ndani yake na kutafuta mahali pa kukaa. “Au nilisema kushoto?” binti akanong'ona. “Mama, huenda nilisema kushoto.”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Kwa mkono wake mwingine mzee akaubana mkono wa mkewe. Mkunga akasema, “Pumzika. Hayo yameshapita.”

Siku ya nne muuguzi mmoja kijana alikuja kumgeuza mzee asije akapata vidonda vya mgongoni. “Haya babu, tusaidiane. Geukia kulia, taratibu.” Na mzee, mwenye usingizi wa dawa, akajitupa kushoto, juu ya nyonga iliyovunjika. Yowe alilotoa lilinyamazisha wodi nzima.

“Babu! Nimesema kulia!”

“Mwambie kushoto,” Mkunga alisema, amesimama. “Ukitaka ageukie kulia, mwambie kushoto.”

Muuguzi akamtazama. Kisha akamwekea mkono begani, kwa huruma ile wanayofundishwa. “Bibi, umechoka. Nenda kapumzike kidogo. Hata pande unazichanganya sasa.”

“Mimi nilikuwa sista wa wodi ya wazazi hapahapa chini, kabla hujazaliwa.”

“Sawa, bibi.”

Mzee hakuketi tena. Kulala kulimletea kikohozi, kikohozi kikaleta homa, na siku ya tisa daktari alisema mapafu yamejaa maji. Mkunga hakuhitaji kuambiwa, alikuwa ameshayasikia. Asubuhi ile mumewe hakusema maneno ya maana. Mkono wake wa kulia tu ndio ulikuwa ukienda na kurudi juu ya shuka, taratibu, ukishika kitu ambacho hakipo. Mkunga aliutazama. Alijua ulikuwa unangoja neno. Alitafuta la kuuambia, akakosa, na baada ya muda mkono ukakaa.

*

Wiki ya tano baada ya mazishi, fundi viatu alimsimamisha Mkunga pale kona. Mtaro ulikuwa umeshafukiwa, umebaki mshono wa udongo katikati ya njia.

“Mama, samahani. Dereva alipita hapa jana kwa miguu.”

“Gari limeharibika?”

“Sivyo nilivyosikia.” Akapiga msumari kwenye soli, mmoja, wa pili. “Alisimama hapa muda mrefu. Akaniuliza, ‘Fundi, siku ile ulinisikia nikisema nini?’ Nikamwambia nilikuwa nimeinama, sikusikia. Mama, mimi si mwongo. Nina watoto. Usinifanye niseme tena hivyo.”

“Nilimwahidi mzee.”

“Mzee amekufa, mama. Huyu anatembea.”

Mchana wake binti alifika nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha baba yake bila kujua kwamba amekaa kwenye kiti cha baba yake. Amekonda. “Nimeacha kazi,” akasema.

Mkunga alizima cherehani. Kwa miaka yote ile, habari kama hizo zilikuwa na mahali pake na upepo wake. Hakuuliza, Sasa utakuwa nani? Aliuliza, “Kwa nini?”

“Nilifika njia panda ya shuleni. Nilitaka kukata kulia. Nikasimama. Nyuma watu wanapiga honi, ndani watoto wanapiga kelele, ‘Dereva, twende!’ na mimi sijui kulia ni wapi. Nikakata. Nikaingia njia ya malori, mama. Na watoto kumi na wanne. Hakuna aliyeumia. Nikawarudisha, nikampa mwalimu mkuu funguo.”

“Ulishtuka tu. Msiba…”

“Siyo msiba. Kama siku ile nilijua nasema kulia, na mdomo ukasema kushoto, basi kichwa changu kina tatizo. Na kama nilisema kulia kweli, basi baba alinisikia akaamua kwenda kushoto. Unataka nichague lipi?” Akanyoosha mikono kuchukua kikombe cha maji, na hapo Mkunga akaona. Nyuma ya mkono mmoja, kwa kalamu ya wino, iliandikwa KULIA. Nyuma ya mwingine, KUSHOTO. Wino ulikuwa umefifia na kukolezwa tena, umefifia na kukolezwa, mpaka ngozi pale ilikuwa imepata kidonda.

Mkunga alizijua herufi zile. Binti aliziandika vivyo hivyo akiwa na miaka saba, zimesimama wima kama zinazoogopa kuanguka.

“Vaa viatu,” akasema. “Twende kwa Dada Mkubwa.”

*

Dada Mkubwa alikuwa ameegemezwa juu ya magogo katika uwanja wa vyombo, nyuma ya karakana, tanga limekunjwa na kufungwa, rangi imeanza kubanduka. Hapakuwa na mtu ila fundi mmoja wa mbali anayegonga. Chini kulikuwa na kamba, minyororo, vipande vya mbao vyenye misumari, na shimo refu la kuteremshia vyombo majini, likiwa na maji meusi na takataka zilizoachwa bahari ilipokupwa.

Binti hakutaka kupanda. Mkunga, mwenye miaka sitini na saba na mgongo uliokataa kazi, alipanda, akamnyooshea mkono, akampandisha. Akamkalisha nyuma, mahali pa nahodha, akaiweka kana mkononi mwake. Mti ulikuwa laini na mweusi pale kiganja kimoja kilipoushika miaka thelathini na minane.

“Sukuma kulia.”

Binti akautazama mkono wake ulioandikwa KULIA, akasukuma.

“Tazama nyuma. Usukani umekwenda wapi?”

“Huku.”

“Na chombo kingekuwa majini, omo, pua yake ya mbele, lingekwenda wapi?”

Binti alifikiri kidereva. Ilichukua muda. “Kushoto,” akasema.

“Hiyo ndiyo lugha yetu. Kulia kwa baharini ni kushoto kwa nchi kavu. Nilikuwa nikimwelekeza hivyo majini. Alipopofuka, nikawa nikimwelekeza hivyo barabarani. Ulitukuta tukifanya, ukadhani ni utani wetu wa nyumbani. Ulituambia tuache, nikacheka.” Sauti yake ilitoka kavu na ya kawaida, kama ya mtu anayekabidhi wodi kwa zamu inayofuata. “Ulisema kulia. Fundi viatu alikusikia. Baba yako alikusikia. Hukukosea hata herufi. Alifanya tulivyofundishana.”

Fundi wa mbali aligonga, akanyamaza, akagonga.

“Kwa hiyo nilisema kweli,” alisema binti.

“Ulisema kweli.”

“Na ndiyo iliyomuua.”

“Mimi ndiye…”

“Mama, ngoja. Ngoja kwanza.” Akaiachia kana, taratibu, kama anayeweka chini kitu cha moto. “Ulijua lini?”

Mkunga angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo asubuhi. “Palepale. Kabla sijafika mtaroni.”

“Siku tisa hospitalini ulijua.”

“Alinitaka niahidi. Hakutaka umchukie Dada Mkubwa.”

“Dada Mkubwa!” Binti alicheka, kicheko kifupi kisicho na mwenyewe. “Nimekaa wiki tano najiuliza kama mimi ni kichaa. Nimejichora kama mtoto wa chekechea. Nimeacha watoto wa watu karibu wafe. Na nyinyi wawili mlikuwa mnahurumia mbao.” Akaitazama mikono yake. Akalamba kidole gumba, akaanza kufuta herufi, akafuta kwa nguvu, wino ukachanganyika na damu kidogo, herufi hazikutoka. “Hata kufa alikufa kwa lugha yenu. Mimi sikuwahi kuwemo humu, mama. Hata siku moja. Mngenifundisha neno moja tu.”

“Hukutaka kujifunza.”

Lilimtoka kabla hajalijua, na Mkunga angelilipia kwa chochote alichokuwa nacho ili lirudi.

Binti akashuka. Alishuka vibaya, akaparuza goti, hakuligusa. Akaanza kuondoka kupitia uwanjani, akijifuta macho kwa migongo ya mikono yake, ile mikono iliyoandikwa, na kwa hiyo hakuona anakokwenda. Mbele yake, hatua nane au tisa, ukingo wa lile shimo ulikuwa umefichwa na turubai lililotandazwa likauke.

Mkunga alisimama juu ya chombo. Kila kitu alikiona kwa uwazi wa mtu anayekaa mbele: ukingo, turubai, upande wenye njia na upande usio na njia. Alifungua mdomo. Neno la kwanza likaja, akaliogopa. Likaja la pili, akaliogopa vilevile. Hakujua tena binti yake angelisikia kwa lugha ipi, wala yeye mwenyewe angelisema kwa ipi. Hatua sita. Hatua tano.

“Simama!”

Liliruka uwanja mzima. Hata yule fundi wa mbali aliacha kugonga.

Halikuwa neno la chombo. Hawakuwahi kulitengeneza. Na lilipomtoka, Mkunga alijua kwamba ndilo lililokuwa likimkwama kizingitini siku ile ya Alhamisi, sindano mkononi. Neno moja, ambalo hata mtoto analijua, ambalo lingetosha.

Binti alisimama. Ncha za viatu vyake zilikuwa zimegusa turubai. Aliinamisha kichwa akatazama chini, akaona kilichokuwepo chini yake, akakaa akikitazama muda mrefu.

Mkunga akamngoja ageuke.

Hakugeuka. Alilizunguka shimo, kwa upande wake mwenyewe, akaenda.